Ndoo na Samaki wa Jolana

Asubuhi ya sikukuu ya Mtakatifu Stefano, Mama Drahomíra alikuwa amepiga magoti bafuni, akikwangua magamba yaliyogandia kwenye beseni la kuogea. Kila mwaka, siku chache kabla ya Krismasi, alinunua samaki mnono wa bwawani akiwa hai, akamwacha aogelee katika beseni hilo mpaka mkesha, na siku hizo zote watu wa nyumba walijifuta kwa kitambaa tu. Samaki wa mwaka huu alikwisha kuliwa kwa saladi ya viazi, na kila mtu alikuwa amewekewa gamba moja chini ya sahani yake ili baraka isipungue. Magamba mengine yalibaki kuwa kazi ya Mama Drahomíra. Aliyatia katika ndoo ya plastiki ya buluu, akayamwaga uani. Kisha akapanga biskuti za vanila kwenye sahani na kupanda nazo ngazi kwenda kwa mwanawe.

Ctibor, mwanawe wa pekee, alikuwa mezani akisugua tarumbeta yake kwa kitambaa laini, kwa sababu bendi ya kijiji ilitakiwa kanisani jioni. Mkewe, Jolana, alikuwa anarudishia mlango wa kabati kwa bisibisi. Mlango huo uling'oka siku ya mkesha. Mama Drahomíra aliusikia kutoka chini ukianguka, na mara baada yake akasikia kitu kingine kikianguka, kizito kuliko mlango. Redioni walikuwa wanaimba habari za mtoto aliyelazwa horini, naye akaongeza sauti. Sasa alimtazama mkwewe usoni. Uso ulikuwa laini kama yai lililomenywa. Akamshukuru Mungu kimoyomoyo.

"Kabati limezeeka hili," alisema Jolana bila kugeuka.

"Kila kitu kinazeeka, mwanangu. Njoo ule biskuti."

"Mama, hebu waangalie samaki," alisema Ctibor. "Wana nini?"

Tangi la samaki lilikuwa sebuleni, ukutani mkabala na dirisha. Jolana alikuja nalo alipoolewa. Watu wa kijiji hicho cha Moravia ya kusini bado wanakumbuka kwamba siku ile ya harusi mama yake Jolana alikabidhi mashuka, mito na vyombo vya udongo kwa macho makavu, ila alipofika kwenye tangi akalia. Alimwambia bintiye jambo moja tu: lisikae bila samaki.

Mama Drahomíra aliinama mpaka pua ikagusa kioo. Samaki wadogo wenye mstari wa buluu walikuwa wakijikuna kwenye mawe. Mapezini na ubavuni walikuwa na vidonge vyeupe, vidogo, kana kwamba mtu amewanyunyizia suji. Katika nchi ile ugonjwa huu unaitwa hivyohivyo, suji, na watoto wanaokataa uji wa suji hutishiwa kwamba uji wao watapewa samaki.

Ndipo alipoikumbuka ndoo. Siku ya mkesha aliona maji ya tangi yamepungua, akapanda na ndoo ya buluu, ileile aliyokuwa akimtolea samaki wa bwawani uchafu, akaongeza maji.

"Ni ndoo yangu," alisema. "Nimewaletea ugonjwa wa bwawani."

"Mama na ndoo yako!" Ctibor alicheka, akapuliza mdomo wa tarumbeta kuutoa vumbi. "Hujaridhika kutunyima kuoga, sasa unatuulia na samaki."

Jolana hakucheka. Alikaza parafujo ya mwisho, akaujaribu mlango, ukafunga.

*

Jumapili asubuhi, baada ya misa ya kwanza, Mama Drahomíra alipanda basi kwenda mjini. Huko, katika ukumbi ambao jioni watu huchezea muziki, wafugaji wa samaki huweka matangi yao mezani na kuuza. Alimtafuta Mzee Hynek, ambaye amefuga samaki tangu alipokuwa mvulana, na ambaye vidole vyake vina rangi ya dawa isiyotoka tena.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina. Leta shida yako, mama."

Alimweleza habari ya suji. Hakusahau ndoo. Mzee Hynek alimsikiliza huku akimvua samaki kwa wavu na kumtia katika mtungi wa mteja mwingine.

"Sikiliza vizuri," alisema. "Hicho cheupe unachokiona kiko chini ya ngozi ya samaki. Kikiwa humo ndani, hakuna dawa itakayokigusa, hata umwage pipa zima. Kinakula, kinashiba, kinadondoka chini, kinajifungia kwenye mchanga, kinajigawa mamia. Halafu hao wadogo wanatoka kutafuta samaki mwingine. Hapo ndipo unapowapata. Wakiwa njiani."

"Na aliyekwisha kuingiwa?"

"Unamsubiri. Ongeza joto polepole, ili wadudu watoke haraka. Ongeza hewa, maana maji ya moto yana pumzi ndogo. Toa mkaa kwenye chujio, usije ukala dawa yako. Chumvi kidogo, hawa wadogo wenye mstari hawaipendi, wape nusu. Nyonya uchafu wa chini kwa mpira. Na dawa hii ya kijani, matone."

"Watapona?"

"Watapona." Alimtazama kwa mara ya kwanza. "Umesema ni ndoo?"

"Ndoo."

"Sawa," alisema Mzee Hynek, akafunga chupa katika gazeti. "Ndoo ni sababu nzuri."

Mama Drahomíra aliwatibu samaki kama alivyoelekezwa. Aliipandisha hita kidogokidogo, na kwa kuwa hakuiamini saa, alisali rozari nzima kila mara kabla ya kuigusa tena. Jolana alishika mpira wa kunyonyea uchafu na Ctibor alibeba maji ngazini bila kuombwa. Alikuwa na mikono ya upole kwa vitu vidogo. Katika mazishi alipopiga tarumbeta, hata watu wasiomjua marehemu walitoa leso. Vidonge vyeupe vilidondoka, dawa ikawaua waliotoka, na samaki wakabaki safi. Mama Drahomíra alitoa sadaka ya mishumaa.

*

Suji ilirudi Jumapili ya mwisho kabla ya Kwaresima.

Walikuwa mezani huko juu, wakila nyama ya ng'ombe yenye mchuzi wa krimu na vipande vya mkate wa kuchemsha. Ctibor alikuwa ametoka kupiga tarumbeta kwenye gwaride la vinyago na alikuwa amekunywa pombe ya plamu nyumba kwa nyumba, kama desturi inavyotaka. Alionja mchuzi.

"Umepoa," alisema.

"Ulichelewa," alisema Jolana.

Ctibor aliinuka, akazunguka meza, akampiga mkewe kofi la shavu. Halafu akampiga tena, ngumi, chini ya bega. Kiti kilisogea. Mlio ulikuwa ule ambao kofi hutoa, na Mama Drahomíra aliujua mlio huo kama anavyojua kengele ya kanisa lake. Shavu la Jolana likabaki jeupe, laini, bila alama. Ndani ya tangi, samaki mmoja mwenye mstari wa buluu aligeuka upande, akazama kidogo, na ubavuni mwake vidonge vyeupe vikatokea kimoja baada ya kingine, kana kwamba kuna mkono juu yake unanyunyiza. Kisha samaki wa pili, chini kidogo ya pezi.

Ctibor alirudi kitini.

"Imerudi," alisema akitazama tangi. "Nilisema ile dawa haitoshi."

Jolana alikwenda jikoni kuleta chumvi. Mama Drahomíra alitazama mchuzi wake, ambao ulikuwa unaanza kutanda utando juu. Baadaye alipokuwa anaosha vyombo na mkwewe, alimshika mkono, akaikunja juu mikono ya blauzi yake, kwanza mmoja, kisha wa pili. Ngozi ilikuwa safi.

"Huumii?"

"Naumia, mama," alisema Jolana. "Ila hakuna kinachobaki."

"Tangu lini?"

"Tangu tulipooana. Zamani samaki walikuwa wengi, hukuona."

Mama Drahomíra alisuuza sahani. Akasema, "Kesho tutabadilisha maji."

Kijijini watu walijua kwamba samaki wa Ctibor wanaumwa, na wote walijua sababu. Mke wa mwokaji alipita akamkuta Mama Drahomíra uani.

"Eti bado ile ndoo?"

"Bado."

"Si uitupe, mwanamke! Unang'ang'ania ndoo kama mahari!"

"Nimeisugua kwa maji ya moto. Wadudu wake ni wakaidi."

"Wadudu wa bwawani hao? Hawana adabu hata kidogo." Akamwachia pakiti ya chumvi ya mawe. Wengine walileta kipimajoto, pampu ya hewa ya akiba, maji ya mvua waliyoyachuja wenyewe. Padri Alfons alipokuja kubariki nyumba alipitisha maji ya baraka juu ya tangi, matone machache tu, kwa sababu Jolana alimwambia maji baridi yatawashtua.

Wiki ya mwisho ya Kwaresima Mama Drahomíra alikwenda kuungama. Alisema alikasirika na jirani, alisinzia wakati wa rozari, na kwa uzembe wake aliwaletea ugonjwa samaki wa mkwewe kwa ndoo chafu.

"Na kingine?" aliuliza Padri Alfons.

Nyuma ya kimia cha kitubio Mama Drahomíra alisikia mbao zikilia padri alipobadilisha mkao. Bendi ilikuwa inafanya mazoezi ya Pasaka ng'ambo ya ukuta, na tarumbeta moja ilisikika juu ya nyingine zote, safi kabisa.

"Hakuna kingine, Padri."

Padri akasubiri mpaka wimbo ukaisha.

"Mungu amekusamehe ndoo," alisema Padri Alfons.

*

Baada ya Pasaka samaki walianza kufa. Joto lililowatibu liliwachosha. Lilishushwa, likapandishwa, likashushwa, na kila lilipopanda walipanda nalo mpaka juu ya maji, wakifungua vinywa. Dawa haikuwa na kosa. Iliwaua wadudu wote waliokuwa njiani, ila kabla samaki hawajapumzika, Ctibor alirudi amepoteza mechi ya karata, au mlango wa gereji ulikuwa haujafungwa, au Jolana alicheka kwenye simu na mtu ambaye Ctibor hakumjua, na vidonge vyeupe vikaota upya. Jolana aliwazika chini ya mti wa plamu, ndani ya viboksi vya kiberiti.

Alimpigia simu mama yake. Mama Drahomíra alikuwa amekaa pembeni akichambua maharage, akasikia upande mmoja wa mazungumzo.

"Hapana, mama. Wanaumwa... Ndiyo, nimeongeza... Wamebaki wachache." Jolana aligeukia dirisha. "Naweza kuja?" Akasikiliza. "Ndiyo, najua baba yuko nyumbani. Ndiyo. Sawa, mama. Nitaongeza chumvi."

Wiki ile alibaki samaki mmoja, mwenye sharubu, wa kulamba kioo, mzee, mwenye ngozi ngumu kama gome. Alijazwa suji mpaka machoni. Ndipo Mama Drahomíra alipoona kwenye kifundo cha mkono wa Jolana alama ya buluu, ndogo kama sarafu. Jolana alikuwa anakanda unga. Unga uliifunika alama, kisha ukapukutika, kisha ukaifunika tena.

Mama Drahomíra alishuka chini, akavaa gauni la kwendea kanisani. Alisimama mbele ya sanamu ya Bikira Maria mwenye watoto chini ya joho lake, akasali apewe maneno, naye akapewa. Aliyapanga vizuri kichwani. Yalikuwa maneno ambayo yeye mwenyewe alitamani mtu angemwambia marehemu mumewe, Rostislav, katika miaka ile ambayo yeye peke yake alivuna zabibu akiwa na blauzi ya mikono mirefu wakati wa jua kali, na wanawake wenzake wakasifu heshima yake. Mama mkwe wake alikuwa hai wakati huo. Alikuwa akimsuka nywele kwa upole sana.

Alipanda ngazi. Ctibor alikuwa amelala kwenye kochi, soksi zimetoboka kidoleni, akitazama tangi. Alikuwa na uso uleule aliokuwa nao akiwa mdogo na homa.

"Mwanangu," alisema Mama Drahomíra.

"Naam, mama."

Maneno yalikuwepo. Aliyahisi yote, yamejipanga chini ya ngozi yake, na hakuna lililotoka.

"Samaki hawawezi tena," alisema.

Ctibor alimtazama. Alikuwa ameelewa, Mama Drahomíra aliona kwamba ameelewa, na kwamba hata yeye alikuwa amechoka.

"Basi nunueni wengine," alisema.

*

Jumapili walikwenda wote wawili, mkwe na mama mkwe, kila mmoja na mtungi wa kioo uliofungwa kwa skafu. Mama Drahomíra hakuwahi kwenda kununua samaki, alikuwa akienda kwa dawa tu, kwa hiyo hakujua kwamba foleni ya Mzee Hynek huanza nje ya ukumbi. Ilikuwa foleni ya wanawake. Wengi walikuwa wa umri wake, wamevaa vitambaa vya kutokea misa, na karibu kila mmoja alikuwa na mwanamke kijana kando yake, mwenye uso laini.

"Mara ya kwanza?" aliuliza mwanamke aliyekuwa mbele yao, mnene, mwenye kofia ya manyoya ingawa ilikuwa majira ya kuchipua.

"Kununua, ndiyo."

"Nyinyi ni nini?"

"Ni ndoo," alisema Mama Drahomíra. "Ndoo ya samaki wa Krismasi."

"Aa, ndoo. Wengi ni ndoo. Sisi ni majani. Mkwe wangu alichuma majani ya maji mtoni akayapanda ndani, ndiyo hivyo tena, miaka saba." Akamgonga begani aliyemtangulia. "Huyu ni konokono."

"Konokono, eh," alisema huyo wa mbele. "Konokono mmoja tu, jamani, na tumeshamaliza samaki wa matangi matatu. Mwanangu ni mwalimu mkuu."

"Asante kwa kutukumbusha, tulikuwa tumeanza kusahau," alisema wa kofia ya manyoya.

"Nasema tu! Watu watadhani sisi ni wachafu."

Wakacheka, na foleni ikasogea. Wale wanawake vijana hawakucheka. Mmoja alikuwa amefumba macho akiota jua.

Ilipofika zamu yao, Mzee Hynek hakuuliza wanataka rangi gani. Alimtazama Jolana mara moja, kutoka kichwani hadi kwenye kifundo cha mkono, akachukua wavu na kwenda tangi la nyuma, lisilokuwa na bei.

"Hawa si wazuri wa kutazama," alisema. "Ila wanavumilia. Joto wanaliweza. Nawafuga kwa kazi hiyo."

"Na hakuna dawa nyingine?" aliuliza Mama Drahomíra. "Ya kukata kabisa?"

"Nilishakwambia, mama. Mimi ninaua kinachoogelea. Kilicho ndani ya ngozi si changu." Alifunga mtungi kwa kitambaa, akaufungia na mpira. "Wabebeni chini ya koti, wasipigwe na baridi. Anayefuata!"

Kituoni kulikuwa na mabasi mawili. Moja lilikuwa la kijijini kwao, na jingine lilikwenda upande wa mpakani, kwa kina Jolana na mbele zaidi. La mpakani lilikuwa limefungua milango. Jolana alilitazama. Dereva alimtazama Jolana. Mama Drahomíra alitazama viatu vyake, akaanza Salamu Maria, na hakujua anaomba Jolana apande au asipande. Aliisema tu mpaka mwisho, akaanza nyingine. Milango ikafungwa.

Njiani walikaa kiti kimoja, mitungi ikiwa matumboni mwao chini ya makoti, kama wajawazito wawili. Mashamba ya mizabibu yalikuwa yanachipua.

"Mama," alisema Jolana. "Wewe ulikuwa na samaki?"

"Mimi?" Mama Drahomíra alivuta mkono wa koti lake mpaka ukafunika kiganja. "Enzi zetu hakukuwa na samaki, mwanangu."

Jolana aliweka kichwa begani kwake, wakafika hivyo.

Ctibor aliwapokea mlangoni. Alichukua mitungi kwa mikono miwili, akaiweka polepole juu ya maji ya tangi, akaiacha ielee ili samaki wazoee joto kabla ya kutolewa. Hakuwaharakisha. Akachuchumaa mbele ya kioo, nao walipotoka mmoja mmoja, wa kijivu, wenye vichwa vipana, wakakifuata kidole chake kilipopita upande wa nje.

"Wana nguvu hawa," alisema. Alifurahi kweli. "Msiwalishe kupita kiasi." Halafu akaenda kunawa mikono, kwa kuwa chakula kilikuwa tayari, na Jolana akaenda jikoni mbio kuupasha mchuzi.

Mama Drahomíra alishuka uani. Aliichukua ndoo ya buluu, akaisugua ndani na nje kwa chumvi ya mawe mpaka vidole vikamwasha. Aliisuuza. Kisha akaitundika kichwa chini kwenye nguzo ya uzio, upande wa barabara, mahali ambapo kila apitaye angeiona. Mke wa mwokaji alikuwa anapita, akampungia mkono.

"Bado ile ndoo?"

"Bado," alisema Mama Drahomíra.

Juu, mlango wa kabati ulisikika uking'oka na kuanguka. Wote wawili waliinua macho kutazama dirisha, kisha mke wa mwokaji akasema atapita kesho na chumvi.